Taa Akikatwa Mwiba, Nani Amelindwa?

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: katika mabwawa ya maonyesho ambamo wageni huingiza mikono na kumpapasa taa, je, ni haki mnyama huyo kukatwa mwiba wake? Marekani na Kanada mabwawa ya namna hiyo ni mengi, na jibu lao la kawaida ni koleo. Kwenye pwani yetu swali lenyewe ni geni. Taa ni kitoweo, na wavuvi wengi humkata mkia palepale chomboni kabla hajawekwa pamoja na samaki wengine.

Niliwakutanisha watu watatu. Wa kwanza ni mvuvi wa jarife wa upande wa Tanga, mtu mzima aliyeacha kwenda mbali baharini lakini hajaacha kubishana. Wa pili ni mpwa wake, aliyekaa miaka kadhaa Marekani akiwa mtunza samaki katika jumba moja la maonyesho. Wa tatu ni tabibu wa zahanati, ambaye kijiji kizima humwita daktari. Mvuvi alisema kupita zamu yake. Sikumzuia, kwa sababu ndiye pekee aliyekuja bila karatasi.

MTUNZA TANGI: Shikamoo, Mjomba. Nianze na kile tunachokata, maana wengi wanadhani tunakata mkia. Mkia unabaki mzima. Mwiba umekaa juu ya mkia, na asili yake ni gamba la ngozi lililorefuka, limejengwa kwa kitu kilekile kinachojenga jino. Kingo zake mbili zina meno ya msumeno yaliyoelekea nyuma. Umevikwa ala ya ngozi laini, na upande wa chini una mifereji miwili yenye tishu ya sumu. Hauna tundu katikati kama sindano. Ukimwingia mtu, ile ala inachanika humohumo kidondani na sumu inabaki ndani. Sisi tunapunguza ncha na kuacha kitako. Mwiba mpya ukiota, tunaupunguza nao.

MVUVI: Marahaba, mwanangu. Lakini hukusema habari ya kutoka. Kuingia, mwiba unaingia upesi hata hujui. Kutoka ndiko kunakoondoka na nyama.

TABIBU: Ni kweli. Kidonda cha taa hudanganya kwa nje. Unaona tundu dogo, kumbe ndani kumechanwachanwa, na pengine kipande cha mwiba au cha ile ala kimebaki humo.

MVUVI: Sasa niulize taa anautumia lini huo mwiba, maana kesi yote imo humo. Hawindi nao. Chakula chake ni kaa, kamba na chaza wa chini, mdomo wake uko upande wa tumbo, na mwiba uko nyuma kabisa. Akikuona mapema, anakwenda zake. Shida ni pale alipojifukia mchangani, macho tu ndiyo yako nje, maji yanakupwa, na mama wa watu anakwenda shambani kwake kwenye mwani. Anamkanyaga mgongoni. Hapo mkia unapinda kuja mbele kama wa nge na kupiga kile kilichomkandamiza, mara nyingi kifundo cha mguu au juu ya unyayo. Ndiyo maana tangu wadogo tunaambiwa tuburuze miguu. Ukimgusa ubavuni, anaondoka. Ukimkanyaga mgongoni, amekwisha kukupiga.

MTUNZA TANGI: Hata California wanaburuza miguu, Mjomba. Kuna ufuko unaitwa Seal Beach ambako taa wadogo wa duara hujazana, kwa sababu mitambo ya umeme iliyo jirani ilikuwa ikimwaga maji ya uvuguvugu mtoni, na taa wanapenda joto. Waokoaji wa pale walifika hatua ya kuwanasa taa, kuwakata miiba, na kuwarudisha baharini.

MVUVI: Wakawarudisha kwa papa bila silaha?

MTUNZA TANGI: Papa pingusi hazuiwi na mwiba. Anamkandamiza taa chini kwa kile kichwa chake kipana, anamng'ata mabawa mpaka hawezi kuogelea, kisha anamla. Pingusi wamepasuliwa wakakutwa na miiba ya taa imejaa kwenye taya, na walikuwa wazima wakiendelea na maisha yao. Na wale taa wa duara hubadilisha mwiba kila mwaka. Mpya unaota chini ya ule wa zamani, wa zamani unadondoka. Kwa hiyo kazi ya wale waokoaji ilikuwa haidumu.

MVUVI: Pingusi ni mmoja. Bahari ina wengine wanaojifunza baada ya kuchomwa mara moja.

Niliwarudisha kwenye bwawa, kwa sababu mabishano ya papa yangeweza kutufikisha usiku. Nilimtaka mtunza tangi aseme waziwazi kwa nini wanakata.

MTUNZA TANGI: Kwa sababu ya mtoto wa miaka sita. Taa tunayemweka zaidi ni yule Wamarekani wanayemwita taa wa pua ya ng'ombe. Haishi chini mchangani kama nyenga. Anaogelea juujuu, anazunguka bwawa kwa kundi, na akizoea chakula anakuja mkononi mwenyewe. Mwiba wake uko karibu na shina la mkia, kwa hiyo hawezi kuurusha mbali, lakini mtoto akimshika shina la mkia ameufikia. Nikupe kisa. Mwaka 1608 nahodha Mwingereza John Smith alikuwa kwenye maji mafupi ya ghuba ya Chesapeake, anachoma samaki kwa upanga wake. Akamchoma taa, akamshika kumtoa upangani. Taa akampiga kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukavimba mpaka begani, wenzake wakachimba kaburi kabisa. Jioni maumivu yakapungua, na yule taa akaliwa. Mahali pale mpaka leo panaitwa Stingray Point, na wanaojua samaki wa ghuba ile wanaamini taa mwenyewe alikuwa huyuhuyu wa pua ya ng'ombe tunayemweka mbele ya watoto.

MVUVI: Huyo nahodha alimchoma upanga kwanza! Umeniletea shahidi wa upande wangu.

Tulicheka, lakini nadhani mvuvi alipatia kuliko alivyojua. Visa vikubwa vya taa karibu vyote vina mtu aliyekuwa juu ya taa, au aliyemshika, au aliyemzibia njia. Hata kile kinachojulikana na dunia nzima, cha Steve Irwin, mtangazaji wa vipindi vya wanyama, aliyefariki tarehe 4 Septemba 2006 kwenye mwamba wa Batt Reef huko Queensland, Australia, kilitokea akiogelea juu ya taa mkubwa kwa ajili ya filamu. Mwiba ulimwingia kifuani. Vifo vya aina hiyo ni vichache mno, na vingi ni vya kifua au tumbo. Majuma yaliyofuata, taa wasiopungua kumi walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Queensland, baadhi wakiwa wamekatwa mikia. Walioshukiwa ni watu waliotaka kulipa kisasi.

Nikamuuliza mtunza tangi habari za kisiwa cha Grand Cayman, katika Karibi. Pale kwenye fungu la mchanga, kina cha kiuno, taa wa porini hulishwa na kushikwa na watalii siku nenda siku rudi, nao miiba wanayo. Kama inawezekana kule, kwa nini isiwezekane bwawani?

MTUNZA TANGI: Kule hakuna ukuta. Taa aliyechoka na watu anaondoka, na kiongozi wa wageni yumo majini pamoja nao, anawaonyesha waweke mkono wapi. Bwawa letu lina kina cha goti, mtoto yuko nje ameinama, nyuma yake kuna foleni. Taa akibanwa kwenye kona hana pa kwenda.

MVUVI: Kwa hiyo kosa ni la ukuta, na adhabu anapewa mkia.

MTUNZA TANGI: Si adhabu. Tukikata sehemu inayofaa hatoki damu. Wageni tunawaambia ni sawa na kukata kucha.

TABIBU: Hapo, dada, nitakukatiza. Kucha haina mshipa. Wewe mwenyewe umetuambia mwiba umejengwa kama jino, na kwa taa kitu hicho kina mishipa ya damu ndani. Mkipita pale panapofaa, mmekata kitu kilicho hai. Mgeni akiambiwa ni kucha, anaondoka na uongo mdogo.

MTUNZA TANGI: Nakubali. Kauli ile ni ya kumtuliza mgeni. Ndani ya chumba cha kazi hatuisemi hivyo. Tunaweka dawa ya usingizi kwenye maji kwanza, na anayekata ni mtu aliyefunzwa.

Kwa kuwa tabibu alikuwa ameshapata kauli, nilimwomba aeleze mtu afanye nini akichomwa, baharini au tangini. Alizungumza bila papara, na hapa wengine wote walinyamaza.

TABIBU: Sumu ya taa ni ya protini, na adui yake ni joto. Toa mtu majini, zuia damu kwa kukandamiza kitambaa, osha kidonda. Kisha tumbukiza mguu au mkono kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi joto 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza ya moto kila yanapopoa. Wengi huanza kupata nafuu hapohapo. Ila maji ayajaribu kwa mguu ule mzima kwanza. Mguu uliochomwa una maumivu makali kiasi kwamba hausikii tena tofauti ya joto, na nimewahi kupokea mtu ambaye mwiba ulimsamehe lakini maji ya moto yalimbabua. Usifunge kamba juu ya kidonda, usinyonye, usikojolee. Kipande kidogo kinachoonekana kwenye mguu unaweza kukitoa. Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usiuguse hata kidogo. Mpeleke hospitali ukiwa umo ndani, kwa sababu pengine ndio unaozuia damu. Baada ya hapo tunataka sindano ya pepopunda, picha ya eksirei kutafuta vipande, na kidonda kirefu hatukishoni kikaziba, kwa kuwa maji ya bahari na ya tangi yana bakteria wake. Maumivu yenyewe hupanda kwa saa moja hivi ya mwanzo na yanaweza kuchukua siku mbili kwisha kabisa. Mtu akija siku ya nne mguu unanuka, hilo si la taa tena.

MVUVI: Wa mtoni wana sumu kali zaidi, au ni maneno ya watu?

MTUNZA TANGI: Wale wa mito ya Amerika Kusini? Kwao seli za sumu zimetapakaa kwenye ngozi nzima inayovika mwiba, hazikai mifereji tu, na kidonda huelekea kuoza zaidi. Ndio ambao watu hufuga sebuleni, hasa yule mweusi mwenye madoa meupe wa mto Xingu, Brazili. Biashara yake ilikua mpaka mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, uliofanyika Panama, yeye na jamaa zake kadhaa wakawekwa kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inahitaji kibali. Mwenye tangi la nyumbani huchomwa anaposafisha kioo huku mkono mmoja umeegemea chini, au anapomhamisha kwa wavu.

MVUVI: Kwa wavu? Hata mimi wa jarife siwezi kumtoa taa hai wavuni kwa mikono mitupu.

Ubishi wao ulitulia hapo kwa muda, maana wote wawili wameshika taa kuliko msomaji yeyote wa ukurasa huu. Mvuvi akaeleza kwamba taa akifika chomboni, kitu cha kwanza ni kujua kichwa na mkia viko wapi ndani ya lile bonge la nyavu. Mkia hukanyagwa kwa ubao, ukakatwa, mwiba ukatupwa baharini na si sakafuni mwa chombo. Taa aliyekufa tangu asubuhi bado anachoma. Mpwa wake alisikiliza akitikisa kichwa kukubali, kisha akaeleza ya kwao.

MTUNZA TANGI: Wavu wa nyuzi kwetu ni marufuku. Mwiba unanasa, mnyama anapigapiga, na anayemnasua ndiye anayechomwa. Tunatumia machela ya plastiki laini au beseni pana. Tunamwongoza aingie mwenyewe, tunamwinua pamoja na maji. Lazima watu wawe wawili, na mmoja wao kazi yake ni kutazama mkia tu, hashiki kitu kingine. Glovu hatuzitegemei, mwiba unapenya glovu nene na unapenya buti la mpira. Akihitaji kupimwa au kutibiwa, dawa ya usingizi, au tunamlaza chali ndani ya maji, maana taa akilazwa chali hutulia kwa muda mfupi. Mwiba tunauvika kipande cha bomba la mpira na kuufunga. Kumwinua kwa mkia hairuhusiwi kwa sababu yoyote. Mwili ule umezoea kubebwa na maji, ukimning'iniza unamuumiza ndani. Na njia nzuri kuliko zote ni mafunzo. Taa hujifunza upesi kwamba alama fulani ikishuka majini kuna chakula, akaja hapo, na baada ya majuma akazoea kuingia kwenye machela bila kufukuzwa. Asiyefukuzwa hana sababu ya kupiga.

MVUVI: Haya yote mnayafanya kwa taa mwenye mwiba?

MTUNZA TANGI: Kwa wenye miiba mizima, ndiyo. Wale wa tangi kubwa la ndani hatuwakati. Tunaingia humo kupiga mbizi na kuwalisha.

MVUVI: Na wa bwawa la kugusa?

Alikawia kujibu.

MTUNZA TANGI: Wa bwawani watu huwashika ovyo zaidi. Nitasema ukweli: mfanyakazi akijua taa amekatwa, hamtazami tena mkia. Mwiba mpya unaota chini ya kile kitako, mfupi, mkali, haujaonekana vizuri. Daftari linasema amekatwa, mkono unaingia.

TABIBU: Na daftari linaandikwa tarehe ya kukagua mara ya pili, au ya kukata tu?

MTUNZA TANGI: Inategemea jumba.

TABIBU: Basi hapo ndipo nitakapomtafuta mgonjwa wangu wa kwanza.

Niliingiza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Tumetumia muda wote kumlinda mtu dhidi ya taa, lakini hesabu ya vifo vya mabwawa haya inasomeka upande mwingine. Mwaka 2008 katika bustani ya wanyama ya Calgary, Kanada, taa 41 kati ya 43 walikufa muda mfupi baada ya bwawa kufunguliwa, na uchunguzi ukaonyesha oksijeni ilikuwa haitoshi majini. Julai 2015, Brookfield Zoo karibu na Chicago ilipoteza taa 54 kwa siku moja, wa pua ya ng'ombe 50 na wanne wa aina iitwayo taa wa kusini, baada ya oksijeni kushuka. Mwiba haukuhusika popote. Bwawa fupi, wanyama wengi, maji ya vuguvugu, mashine moja ikilegea, basi. Kwa maoni yangu, jumba linaloweza kueleza kwa ufasaha ratiba yake ya kukata miiba lakini halina king'ora cha oksijeni kinachomwamsha mtu usiku, limekosea mahali pa kuweka hofu yake.

MTUNZA TANGI: Siwezi kukupinga. Vipimo vya oksijeni vya kujirekodi vyenyewe na mtambo wa akiba vingepaswa kuwa sharti kabla hata hatujazungumzia koleo.

MVUVI: Mimi bado nina swali moja. Bahari ina samaki bapa wasio na mwiba. Ina papa wadogo wa miambani wasiozidi urefu wa mkono wangu, wanalala tu. Kwa nini msiweke hao, watoto wakawapapasa mpaka wachoke?

MTUNZA TANGI: Wapo wanaoweka, Mjomba. Lakini hawa wanakaa chini, mgeni lazima azamishe mkono mpaka kwapani, nao hawaji. Taa anakuja. Anainua ubawa juu ya maji mbele yako. Na jina lake tayari linatisha. Mgeni anaondoka akisema amemshika taa.

MVUVI: Kumbe mnauza woga. Mnaleta mnyama kwa sababu ana silaha, mnaondoa silaha, mnatoza kiingilio. Mimi nikimkata mkia namla. Sijamwita rafiki.

MTUNZA TANGI: Na watoto waliomgusa wakakua hawataki kuona taa anauawa bure? Hao huwahesabu? Kwenye ghuba ileile ya Chesapeake kulikuwa na mashindano ya kumpiga taa kwa mishale kwa ajili ya mchezo, na jimbo la Maryland liliyasimamisha mwaka 2017 baada ya watu kulalamika. Taa huyu huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Nina hakika baadhi ya waliolalamika walimjua kwanza bwawani.

MVUVI: Hiyo ni hoja. Siikatai. Lakini wangeweza kumjua akiwa na mwiba wake, kwenye kioo.

Nilipowataka waseme wako upande gani, mvuvi alibaki kupinga. Mpwa wake alibaki kuunga mkono, ila kwa masharti ambayo hakuja nayo: ukaguzi wa mwiba kila mwezi uandikwe, taa awe na nusu ya bwawa ambayo mikono haifiki, na bwawa lifungwe kwa saa kadhaa mchana ili wanyama wapumzike. Tabibu alikataa kupiga kura. Alitaka kujua tu kama pembeni mwa bwawa kuna birika la maji ya moto na kipimajoto.

MTUNZA TANGI: Kipimajoto kipo. Birika liko jikoni kwa wafanyakazi, ghorofa ya pili.

TABIBU: Lishusheni.